Kutengeneza mishumaa nyumbani: jua maji yanapofaa na yanapoua

WAKAZI wa mitaa ya mashariki mwa Nairobi hawahitaji kuelezwa kazi ya mshumaa. Stima ikipotea Kayole au Umoja saa moja jioni, chakula kikiwa mekoni na mtoto akiwa katikati ya kazi yake ya shule, mtu hutumwa kwenye kioski hata kabla ya majirani kuulizana kama wao pia wamo gizani. Waliokuwepo miaka ya 1999 na 2000 wanaukumbuka mgao wa stima ulioletwa na ukame. Walio wadogo wana kumbukumbu za mwaka wa 2023, giza lilipofunika sehemu kubwa ya nchi mwezi wa Agosti, kisha Novemba, kisha Desemba. Koroboi nayo imekuwa ghali kuiwasha tangu Septemba 2018, serikali ilipoweka ushuru wa shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa ili kuwakomesha waliokuwa wakiyachanganya na dizeli.

Kwa hivyo si ajabu kwamba kuna akina mama na vijana wanaonunua nta kwa kilo na kujitengenezea mishumaa, ya kutumia nyumbani au ya kuuzia majirani. Kazi yenyewe haina ugumu mwingi. Mtu mwenye subira hujifunza kwa alasiri moja. Lakini kuna sababu ya somo hili kuwa kwenye kurasa za afya badala ya zile za biashara. Nta iliyoyeyuka ni ya moto kuliko inavyoonekana, hunata kwenye ngozi, na ikipita kiasi huwaka. Kazi ambayo mtaalamu hufanya katika karakana yenye mlango mpana, wewe huenda ukaifanya katika chumba kimoja cha kupanga, chenye kitanda, viti, mtungi wa gesi na watoto wawili.

Tutaeleza basi namna ya kutengeneza mshumaa hatua kwa hatua, na katika kila hatua tutasema ni wapi watu huungua.

KINACHOWAKA NI NINI?

Wengi hudhani kwamba kinachowaka kwenye mshumaa ni utambi. Sivyo. Joto la mwali huyeyusha nta iliyo chini yake, utambi ukainyonya kama kitambaa kinavyonyonya maji, na nta hiyo ikifika juu hugeuka mvuke. Mvuke huo ndio unaowaka. Mwanasayansi Mwingereza Michael Faraday aliwaonyesha vijana wa London jambo hili katika mihadhara yake maarufu juu ya mshumaa, karne ya 19. Alizima mshumaa, na moshi mweupe ulipopanda akausogezea moto kwa juu. Mwali ukaruka kupitia kwenye ule moshi hadi kwenye utambi, ambao hakuwa ameugusa.

Kumbuka jambo hilo unapoiweka nta motoni. Sufuria ya nta iliyopata moto kupita kiasi hutoa mvuke kama ule wa Faraday, ila wenyewe ni wa sufuria nzima, na chini yake pana jiko linalowaka.

Nta inayotumiwa sana ni ile ya parafini. Jina lisikuchanganye: hapa Kenya wengi huita mafuta ya taa "parafini", nayo ni kitu kingine. Nta ya parafini ni nyeupe, ngumu, haina harufu kali, nayo hutokana na mafuta ghafi ya petroli. Huyeyuka kati ya nyuzi 46 na 68 za Selsiasi, kutegemea aina. Nta ya nyuki, ile inayotoka kwenye mizinga ya Ukambani au Baringo, huyeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 64, hunukia vizuri na huwaka polepole, lakini bei yake humkimbiza mtu wa biashara ndogo.

Sasa angalia tofauti kati ya nta na maji, kwa maana hapa ndipo ajali nyingi huanzia. Maji yakizidi moto hutokota, ukayasikia na kuyaona. Nta haitokoti. Ikiwa na nyuzi 70 hutulia kama maji ya kunywa. Ikiwa na nyuzi 150 bado imetulia vilevile. Ikikaribia nyuzi 200 huanza kufuka moshi, na kutoka hapo cheche moja yatosha. Mpishi aliyezoea kusubiri chungu kimpigie kelele atasubiri hadi moto uwake.

MAJI CHINI YA NTA

Dawa ya hatari hiyo ni ya zamani na ni rahisi: nta isiwekwe moja kwa moja juu ya moto hata siku moja. Chukua sufuria kubwa, tia maji hadi karibu nusu, kisha weka ndani yake chombo kidogo chenye nta. Chini ya chombo hicho weka kipande cha bati kilichopindwa au kitambaa kilichokunjwa, ili kisikalie tako la sufuria. Moto hupasha maji, maji hupasha nta.

Faida yake ni kwamba maji hayawezi kupata joto zaidi ya kiwango chake cha kutokota. Pwani kiwango hicho ni nyuzi 100. Nairobi iko juu, mita 1,600 hivi kutoka usawa wa bahari, na hapa maji hutokota kwenye nyuzi 95 hivi. Maana yake ni kwamba nta iliyozungukwa na maji Buruburu au Dandora haiwezi kupita nyuzi 95, hata ukienda kuzungumza na jirani. Inabaki mbali kabisa na zile nyuzi 200. Hakuna kipimajoto kinachokulinda kuliko maji hayo.

Lakini maji hukauka. Yakiisha, chombo cha nta hubaki juu ya sufuria tupu yenye moto mkali, na ulinzi wote umekwisha bila ishara yoyote. Kwa hivyo angalia maji kila baada ya dakika chache na uongeze maji moto kwa utaratibu, pembeni, yasiruke ndani ya nta. Tone moja la maji likiingia kwenye nta ya moto huzama, hugeuka mvuke na kurusha nta juu. Kwa sababu hiyohiyo, chombo cha nta na kalibu za kumiminia lazima zifutwe zikauke kabisa kabla ya kuanza.

Chombo bora cha nta ni jagi la bati lenye mkono na mdomo wa kumiminia. Mafundi wa jua kali pale Kamukunji hutengeneza vyombo vya bati vya kila namna, na fundi akichorewa ataelewa mara moja. Mkebe wa maziwa ya unga usio na mkono ni mtego. Utaushika na kitambaa, kitambaa kitateleza au kitapitisha joto, na mkono utaachia wenyewe kabla akili haijaamua.

WAPI NA LINI

Swali la mahali ndilo gumu kwa mkazi wa Eastlands, na hatutajifanya kwamba kila mtu ana jikoni yenye dirisha mbili.

Anza na jiko. Jiko la gesi au la stima ndilo linalofaa, kwa sababu unaweza kulizima papo hapo. Jiko la makaa halina pa kuzimia. Mambo yakiharibika itakubidi uinue chombo chenye nta ya moto ukiwa na haraka, na hapo ndipo watu wengi hujimwagia. Tena makaa hutoa gesi ya kaboni monoksaidi, isiyo na harufu wala rangi. Dalili zake ni kuumwa na kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu na ulegevu, na mtu huweza kudhani ni uchovu tu mpaka akazimia. Ikiwa makaa ndiyo uliyo nayo, kazi hii ifanyiwe nje. Stovu ya mafuta ya taa tungekushauri uiache kabisa: ni nyepesi, huyumba, na ikipinduka mafuta yake na nta yako vitawaka pamoja.

Mahali pa pili pa kufikiria ni mlango. Simama wewe kati ya nta na mlango, ili moto ukitokea uwe na njia ya kukimbilia. Usiweke jiko mlangoni penyewe wala kwenye korido. Katika ghorofa nyingi za Pipeline na Umoja, korido ile nyembamba ndiyo njia pekee ya kutokea ya familia nane au kumi, na watoto hukimbizana humo mchana kutwa. Katika ploti ya chini, ua wa kufulia nguo unafaa, saa ambazo watoto wako shuleni. Lile pazia ambalo wengi hulitumia kugawa chumba kati ya kitanda na viti lifungwe juu au liondolewe. Mtungi wa gesi usiotumika utolewe.

Kwa maoni yetu, wale wenye chama wangefanya vyema kuchangia mahali pamoja, hata kama ni chumba cha kukodi kwa siku moja kwa wiki, kuliko kila mwanachama kuyeyusha nta nyumbani kwake. Watu wawili au watatu wanaosaidiana huona kinachomponyoka mmoja. Na mwenye ugonjwa wa kifafa asiifanye kazi hii ya kuyeyusha akiwa peke yake hata kidogo. Madaktari wa Afrika wanafahamu vizuri jinsi kifafa na moto vinavyoshirikiana kuumiza watu. Huyo na akate tambi, apange kalibu, afungashe.

Mavazi nayo yana neno. Vaa nguo za pamba na viatu vilivyofunika vidole. Nailoni huyeyuka ikashikana na ngozi. Leso ikunjwe ncha zake, mikono mirefu ipandishwe, na aliyesuka nywele za kuongezea azifunge nyuma, kwa kuwa nyingi ya nywele hizo ni plastiki na hushika moto upesi.

UTAMBI NA KALIBU

Sasa tuje kwenye ufundi wenyewe. Utambi uwe wa uzi wa pamba tupu, uliosokotwa au kusukwa nyuzi tatu. Ukiwa na shaka, choma kipande kidogo. Pamba hunuka kama karatasi inayoungua na kuacha majivu laini. Nailoni hujikunja ikawa kishanga kigumu cheusi. Utambi wa nailoni hautafanya kazi. Zamani baadhi ya viwanda ng'ambo vilitia waya wa risasi ndani ya utambi ili usimame wima, na madini hayo yakawa yanaingia hewani. Marekani ilipiga marufuku tambi hizo mwaka wa 2003. Usitie waya wa aina yoyote usioujua.

Chovya utambi kwenye nta iliyoyeyuka, unyooshe, uache ukauke. Hatua hii hutoa hewa iliyo ndani ya uzi na kuufanya uwake vizuri tangu mwanzo.

Unene wa utambi ndio unaoamua mshumaa utakuwa wa namna gani, na ndipo wanaoanza hukosea sana. Utambi ukiwa mnene kuliko mshumaa wenyewe, mwali huwa mrefu, hucheza, na hutoa masizi mengi meusi. Ukiwa mwembamba sana, nta huyeyuka kuliko unavyoweza kunyonya, na mwali huzama ukafa. Hakuna jedwali la kukupa jibu, kwa maana kila uzi na kila nta vina tabia yake. Tengeneza mishumaa mitatu yenye tambi za unene tofauti, uiwashe pamoja, uchague.

Kwa kalibu unaweza kutumia vipande vya paipu ya plastiki ngumu ya mafundi wa bomba, paketi za maziwa za karatasi ngumu, au kalibu za bati. Chupa nyembamba za soda na maji hazifai. Hulegea na kukunjamana kwenye nyuzi 70 hivi, na nta yote humwagika mapajani mwako. Bilauri nyembamba nazo hupasuka. Paka ndani ya kalibu mafuta kidogo ya kupikia ili mshumaa utoke bila kung'ang'ania. Pitisha utambi katikati, uufunge juu kwenye kijiti au kalamu iliyolazwa kwenye mdomo wa kalibu, na chini uzibe kwa udongo wa kufinyanga ili nta isivuje.

Wanaotaka mshumaa mgumu usiopinda juani huongeza asidi ya stearini, unga mweupe unaopatikana kwa wauzaji wa kemikali za sabuni. Kipimo cha sehemu moja kwa sehemu tisa za nta chatosha. Vilevile hufanya mshumaa ujikaze zaidi unapopoa, ukatoka kwenye kalibu bila vita.

Rangi zimewaangusha wengi. Krayoni za watoto huziba utambi, na rangi za chakula haziungani na nta kwa kuwa ni za maji. Ikiwa huna rangi maalumu inayoyeyuka kwenye mafuta, uza mishumaa myeupe. Manukato nayo ni ya kufikiriwa mara mbili katika nyumba yenye mwenye pumu, maana yanaweza kumwamshia ugonjwa. Na usidanganyike kuuza mshumaa wenye mafuta ya sitronela, mmea wa jamii ya mchaichai, ukidai unafukuza mbu. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka wa 2017 ulijaribu mshumaa wa aina hiyo na kuona haukuwapunguza mbu. Neti inabaki kuwa neti.

Nta ikiyeyuka yote, punguza moto. Zima kabla ya kuanza kumimina, toa jagi kwenye maji, na ufute sehemu ya chini yake ili matone yasidondokee kwenye kalibu. Ngoja kidogo. Utando mwembamba ukianza kujitokeza pembezoni mwa jagi, nta iko tayari. Mimina polepole, kalibu ikiwa mezani au sakafuni palipo imara, kamwe isiwe mkononi mwa mtu mwingine. Baada ya nusu saa hivi utaona katikati pamezama kama kisima, kwa sababu nta hupungua ikipoa. Jazia. Acha saa kadhaa, ikiwezekana hadi kesho yake, ndipo uutoe mshumaa na kuukata utambi ubaki urefu wa robo inchi.

MAJI JUU YA MOTO

Tumeyasifu maji yakiwa chini ya nta. Sasa tunakuomba uyaogope.

Nta ikianza kufuka moshi, zima jiko na ufunike. Usiisogeze. Ikiwa imeshika moto, telezesha kifuniko cha sufuria juu yake kutoka upande wako kuelekea mbele, zima jiko, na uache kifuniko hapo hadi kila kitu kipoe, hata kama unaona moto umekufa. Mchanga mkavu au udongo mkavu pia huzima. Usimwage maji. Maji ni mazito kuliko nta, kwa hivyo huzama chini yake, na kwenye joto hilo hugeuka mvuke mara moja. Maji yakigeuka mvuke hupanuka takribani mara 1,700. Kikombe kimoja hulipuka kikarusha nta inayowaka hadi darini, na dari la mbao au pazia halitangoja. Waliowahi kuona jambo hilo husema ni kama bomu, na hawatii chumvi.

Kwa hivyo, kabla ya kuwasha jiko, weka kifuniko kinachotosha sufuria mahali ambapo mkono wako utakifikia bila kukitafuta, na karibu yake ndoo ndogo ya mchanga. Moto ukishinda kifuniko na mchanga, toka, watoe watu, piga mlango wa jirani, upige simu 999 au 112. Kituo kikuu cha zimamoto kiko Tom Mboya Street, na anayeijua Jogoo Road saa kumi na moja jioni ataelewa kwa nini dakika za kwanza ni zako wewe na majirani.

MAJI JUU YA NGOZI

Na bado maji yana kazi ya tatu. Ngozi iliyomwagikiwa nta inahitaji maji baridi mengi, upesi, na kwa muda mrefu.

Maji ya nyuzi 60 huweza kuunguza ngozi ya mtu mzima vibaya kwa sekunde tano hivi, na ya mtoto kwa muda mfupi zaidi. Nta ina ubaya wa ziada, kwamba maji hutiririka yakaondoka nayo hubaki, ikaganda, ikaendelea kupika ngozi iliyo chini yake. Usiivute. Ukiivuta huweza kuondoka na ngozi. Peleka sehemu hiyo kwenye maji safi yanayotiririka kwa dakika 20 kamili. Nta itakuwa ngumu. Inayobanduka yenyewe na ibanduke, inayong'ang'ania mwachie muuguzi. Hata kama zimepita saa mbili au tatu bila maji, bado yanasaidia.

Najua utakachosema: mfereji wenyewe hutoa maji Jumanne na Ijumaa. Ndiyo maana tunashauri mtungi wa lita 20 ujazwe maji safi kabla ya kazi, na uwekwe upande ule usio na jiko, usije ukaunyakua kuzimia moto. Ukimimina kwa kikombe lita moja kwa dakika, mtungi mmoja ni dakika 20. Mkono au mguu unaweza pia kutumbukizwa kwenye beseni na maji yabadilishwe. Barafu isitumike, maana huzidi kuharibu ngozi. Vua pete, bangili na saa kabla ya uvimbe. Akiwa ni mtoto, poza mahali palipoungua lakini umfunike blanketi sehemu nyingine za mwili, kwa kuwa mtoto mwenye maji mwilini katika baridi ya Julai hupoteza joto haraka.

Baada ya hapo funika kidonda kwa kitambaa safi kikavu kisichonyonyoka nyuzi. Basi. Dawa ya meno, unga wa ngano, yai bichi, majarini, mafuta ya kupikia, mafuta ya taa: hivi vyote tunavijua, na kila mtaa una bibi anayeviapia. Hufungia joto ndani ya ngozi, huleta vijidudu, na hospitalini daktari hulazimika kuvisugua ili aone jeraha. Maumivu ya kusuguliwa hayo mgonjwa hakuyahitaji. Malengelenge yasipasuliwe.

Nenda hospitali ikiwa jeraha ni kubwa kuliko kiganja cha aliyeungua, au liko usoni, mikononi, miguuni, sehemu za siri au kwenye kiungo cha kukunjia; ikiwa ngozi imekuwa nyeupe, nyeusi au haina maumivu hata kidogo, maana hiyo ni dalili ya kuungua hadi ndani; na ikiwa ni mtoto mchanga, mzee, mja mzito au mwenye kisukari. Nta ikiingia jichoni, osha kwa maji mengi ukiwa njiani. Mkazi wa Komarock, Kayole au Umoja ana hospitali ya Mama Lucy Kibaki jirani, na Hospitali Kuu ya Kenyatta ina kitengo maalumu cha walioungua, ambako wenye majeraha makubwa huhamishiwa. Uliza kuhusu sindano ya pepopunda.

Huenda umesikia kwamba hospitali zenyewe hutumbukiza mikono ya wagonjwa wa baridi yabisi kwenye nta ya moto. Ni kweli, lakini nta hiyo huchanganywa na mafuta maalumu ili iyeyuke kwa joto la chini, na hupimwa kila wakati, kwenye nyuzi 52 hivi. Ya kwako usiijaribu.

KABLA YA KUUZA

Washa mshumaa mmoja kutoka kila fungu na uuangalie hadi mwisho, ukiwa umeusimamisha kwenye kisahani chenye mchanga, hatua mbili kutoka kwa pazia na kitanda. Andika umechukua saa ngapi. Shika kijiko juu ya mwali kwa muda: kikipata weusi mzito upesi, utambi ni mnene, na weusi huo ndio ambao jirani yako na watoto wake wangeuvuta usiku kucha katika chumba kilichofungwa madirisha. Angalia kama unarusha cheche, jambo linaloonyesha kwamba maji yaliingia kwenye nta. Angalia pia kama unainama ukiishia, kwa sababu utambi usiokuwa katikati huyeyusha upande mmoja, na mshumaa huanguka ukingali unawaka.

Mishumaa itakayokataa ivunjwe, tambi zitolewe, nta irudishwe kwenye jagi la mzigo ujao. Masalia yasimwagwe kwenye sinki wala mtaro yakiwa ya moto. Yataganda ndani ya paipu, na keateka atajua ni nyumba gani. Acha yagande ndani ya jagi, kisha uyakwangue kwa kijiko.